Cherehani ya Mwaija na Kioo cha Kijani

Jumatatu, 16 Juni

Redio imetangaza! Nimesikia mwenyewe, nikiwa nimeinamia simu ya mteja iliyoingia maji. Wanatafuta mchambuzi wa filamu. Kila Jumamosi asubuhi, na jina lako linatajwa mwanzo wa kipindi na mwisho wa kipindi. Anayejiona anaweza ajiandikishe, kisha afike studio Jumamosi hii na kuchambua sehemu ya sita ya Mnara wa Fimbo Saba, ile ya wachawi wanaotafuta ufunguo mmoja tangu sehemu ya kwanza. Dada Grace, mtangazaji, anasema wanataka mtu mwenye jicho.

Jicho ninalo. Nimetazama sehemu ya kwanza yote na ya tatu nusu (umeme ulikatika). Zilizobaki mtu mwenye akili anazijaza kichwani. Nimejiandikisha papo hapo: Muhsin Semboja, fundi simu, Old Korogwe.

Niandike hapa ukweli ambao sijamwambia mtu. Nafanya haya kwa ajili ya Mwaija. Mke wangu yuko Kabuku kwa baba yake tangu mwezi wa nne, kwa sababu ya cherehani. Ilikuwa yake, ya miguu, aliachiwa na marehemu mama yake. Mimi niliibadilisha kwa mzee Obadia, yule muuza vitu vilivyotumika karibu na stendi, akanipa projekta. Nia ilikuwa njema. Tungefungua banda la video, mimi na yeye. Projekta ilikuwa nzima kabisa. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu: kila kitu kilionekana kijani. Watu kijani, farasi kijani, damu kijani. Siku ya kwanza waliingia watu ishirini na wawili. Siku ya pili aliingia mmoja, na huyo alikuwa anamtafuta mdogo wake.

Mwaija alifunga mizigo na kusema maneno machache. Siku cherehani ikirudi, na yeye atarudi. Nimeyatafakari sana maneno hayo. Mwanamke akisema cherehani hana maana ya cherehani. Anataka mume mwenye jina. Na redio inashika mpaka Kabuku! Baba mkwe, mzee Rehani, anatembea nayo shambani, inaning'inia kwenye mpini wa jembe.

Jumanne, 17 Juni

Adui amejitokeza. Mwalimu Castory, anafundisha Kiingereza sekondari, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Kaja kibandani kwangu na simu isiyoingiza chaji. Katika mazungumzo akaniambia naye kajiandikisha redioni. Filamu ameshaitazama kwenye kompyuta yake, kwa Kiingereza chenyewe, mara mbili. Alisema hivyo kama mtu anayesema amekunywa chai.

Simu yake ilijaa vumbi tu. Mswaki wa meno, dakika moja. Lakini akili ilishaanza kukimbia. Nikamwambia kifaa kimekufa, kipuri kinatoka Tanga, arudi Ijumaa. Akaniamini. Msomi ni rahisi kumdanganya, ana mambo mengi kichwani.

Saa nane mchana simu yake ikaita. Dada Grace! Nikabana pua, nikawa mwalimu Castory. Nikasema nina mafua makali, sauti haipo, najitoa. Grace akanipa pole nyingi. Nikawa nakaribia kukata. Ndipo akauliza, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nawajua watu wa mjini, kama namfahamu huyu Muhsin Semboja, fundi simu. Ni mtu timamu?

Ningesema nini? Nilimsifu Muhsin dakika nne mfululizo, pua imebanwa. Nikasema Korogwe nzima haina jicho kama lake. Nikasema hata mimi mwalimu, nikikwama kwenye filamu, humfuata yeye. Grace akasema kama ni hivyo basi hawezi kuukosa mpambano huo. Wawili hewani, ana kwa ana! Nije hata na mafua, watanichemshia tangawizi. Akakata.

Nimejichongea mwenyewe. Nimetembea mpaka daraja la mto Pangani na kurudi, mara tatu, bila kuwa na shida yoyote huko.

Jioni kaja mzee Obadia. Cherehani haijapata mtu. Kwaya yao kanisani wanataka projekta ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, na maneno yakiwa kijani hayamsumbui mtu. Akaniuliza kwa nini tusirudishiane tu, kila mtu achukue chake. Nikamwambia mzee, nashukuru, lakini niko katikati ya kazi ya sanaa, tuonane wiki ijayo. Akaniangalia kwa muda mrefu. Watu wazima wana shida ya macho.

Jumatano, 18 Juni

Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi kwenye betri. Kwa hiyo nimekwenda Manundu, kwenye banda la video la Iddy. Ndiye aliyechukua wateja wangu wote baada ya yale mambo ya kijani. Nimemeza mate, nikaenda. Ubao wake umeandikwa kwa chaki: SEHEMU YA SITA, KESHO SAA KUMI, IMETAFSIRIWA NA DJ FARAJI.

Hapo ndipo sisi tunapowazidi Wazungu. Wao wanaongea yao, naye DJ Faraji anaongea juu yao kwa Kiswahili, sauti zote yeye: mzee, binti, joka. Anawapa na majina ya kueleweka, na nakala zake husambaa mpaka Handeni siku hiyohiyo. Kijana mkuu wa hadithi, ambaye jina lake la asili lina herufi nyingi kuliko kazi anazofanya, kwa Faraji anaitwa Shekue.

Nilimwomba Iddy anionyeshe mapema, peke yangu, kama mtu wa habari. Akasema filamu haijakamilika, DJ anamalizia vipande vya mwisho leo. Na kweli Faraji mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya banda, anakula mihogo ya kukaanga. Kijana ana adabu kweli! Akaniamkia, akanisogezea kiti, akaniuliza habari za projekta yangu. Nani alinipa, nilitoa nini, mke alisema nini, alifunga mizigo mingapi. Nikamweleza yote, kwa kirefu. Mara mbili aliinama kwa kucheka, lakini kwa heshima. Aliandika na vitu kwenye karatasi. Ni nadra siku hizi kupata kijana anayesikiliza mtu mzima.

Nimerudi nyumbani nimechangamka. Nimefagia. Nimeanza kupanga jinsi nitakavyokohoa kabla ya neno la kwanza hewani. Kisha nikafagia tena.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeitazama!

Niliingia nimejificha: kofia ya pama, barakoa, koti la marehemu baba. Mchambuzi hatakiwi kujulikana. Iddy mlangoni akasema karibu Muhsin, benchi la tatu lina msumari, angalia. Benchi zima likageuka. Nikakaa, nikafungua daftari, nikaandika tangu picha ya kwanza bila kuinua mkono.

Tathmini yangu kwa ufupi, kabla haijapoa. Kwanza, giza. Sehemu ya kwanza ilikuwa na jua, watoto walicheka, kulikuwa na mbuzi anayeongea. Sasa kila mtu amenuna na kila chumba kina mshumaa mmoja. Pili, watu hawa wanaweza kupaa, lakini wamepanda ngazi za mnara dakika kumi na moja, wanahema. Tatu, ufunguo. Filamu sita wanatafuta ufunguo mmoja! Hakuna fundi kufuli katika nchi ile? Nne, Shekue kapenda binti, binti kampenda Shekue, na wote wawili wameamua kutoambiana. Niliona mama mmoja mbele yangu akiwapigia kelele waambiane.

Lakini kilichoniudhi kupita vyote ni mhusika mmoja, anatokea katikati. Mchawi mnyonge, ndevu hazijakatwa, amekaa kisimani na kioo mkononi. Anaitwa Mchawi Fundi. Huyu, kwa maneno ya DJ Faraji, alichukua cherehani ya mkewe akaibadilisha kwa kioo cha ajabu, na kioo chenyewe kila kitu kinaonyesha kijani. Mke kaondoka. Yeye bado anakitazama! Skrini yote ikawa kijani, na yeye anatazama tu, analia. Banda zima likavunjika mbavu. Wengine waligeuka kuniangalia mimi, bila shaka kuona mchambuzi ameipokeaje. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko ili wajue sijaridhika. Wakazidi kucheka.

Uandishi dhaifu. Mtu gani angefanya hivyo?

Ijumaa, 20 Juni

Balaa. Niliandika gizani. Mistari imepandana, neno juu ya neno, kurasa kumi na nne. Hazisomeki hata ukizigeuza. Ukurasa mmoja tu umetoka safi, kila herufi mahali pake: ule wa Mchawi Fundi. Nadhani ni kwa sababu skrini ya kijani ilinimulika. Basi. Nitajenga uchambuzi wangu wote juu ya huyo mpumbavu. Nyumba hujengwa kwa tofali lililopo.

Mwalimu Castory kaja kuchukua simu. Akashukuru kwa kazi nzuri. Akasema kitu kimoja kinamshangaza: Dada Grace kampigia shuleni kumuuliza kama mafua yamepungua, na yeye hajaugua mwaka huu. Nikamwambia hali ya hewa ya Korogwe inabadilika.

Mchana nimepiga Kabuku. Kapokea mzee Rehani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mbali. Akauliza cherehani. Nikasema baba, kuna jambo kubwa kuliko cherehani, kesho saa tatu asubuhi fungueni redio, wewe na Mwaija, mkae karibu. Akauliza tena cherehani. Nikasema nyote mtasikia jina langu. Nikamsikia Mwaija nyuma akiuliza ni nani, na mzee akajibu ni yule wa projekta.

Sauti ya Mwaija tu imenivuruga. Nyumba hii ina vikombe sita na nimekuwa nikitumia kimoja. Siwezi kukaa. Nimefungua simu ambayo haikuharibika, nikaifunga.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika yote.

Studio ni chumba kidogo chenye magodoro ukutani. Grace katikati, mwalimu kulia, mimi kushoto. Akatutaja. Muhsin Semboja, fundi na mchambuzi! Kabuku walisikia. Mbele ya mwalimu palikuwa na kikombe cha tangawizi na hakujua ni cha nini.

Nilianza mimi. Nikakohoa nilivyopanga. Nikaenda kwenye giza, ngazi na ufunguo kwa haraka, kisha nikatulia juu ya Mchawi Fundi. Nikamchambua kama samaki. Nikasema mwandishi ametudharau watazamaji. Mume anayeuza riziki ya mke wake kwa kioo kibovu, na bado anakaa anakitazama, anadhani kosa ni la kila mtu isipokuwa lake! Nikasema, na sauti yangu ilipanda, kwamba mtu mjinga kiasi hicho hayupo duniani.

Mwalimu alikuwa amekunja uso. Akasema samahani, mchawi gani huyo. Akasema kwenye filamu aliyoitazama yeye hakuna cherehani popote.

"Yule mtu wa kisimani hasemi hata neno moja," akasema. "Mtoto wake alizama mle. Akikitazama kile kioo anamwona, ndiyo maana hakiweki chini."

Nilitaka kumuuliza jina la huyo mtoto, lakini simu zilishaanza kuingia. Wa kwanza yuko Mombo. Akasema mwalimu hajaitazama filamu, cherehani ilikuwepo, aliiona kwa macho yake. Wa pili kutoka Hale akashangaa watoto wanafundishwa na mtu anayedanganya hewani. Wa tatu, mama mmoja wa Handeni, akasema hata yeye aliiona, na mke wa yule mchawi alifunga mizigo mitatu. Watatu kwa sifuri! Mwalimu akajitetea kwamba aliitazama kwa Kiingereza. Hiyo ikamharibia kabisa. Grace alikuwa ananitabasamia mimi. Nikakunja nne.

Simu ya nne ilitoka Kabuku. Nikaijua sauti kabla haijamaliza salamu.

Alisalimia wote vizuri, mwalimu kwanza. Kisha akasema:

"Huyo mchambuzi amesema mtu kama huyo hayupo. Yupo. Nimeolewa naye."

Nyuma ya kioo cha studio nikamwona fundi mitambo anashika meza kwa kicheko. Grace akauliza, kwa sauti ya chini, kama dada angependa kumtaja huyo mume.

"Jina lake mmelitaja mwanzo wa kipindi," akasema Mwaija. "Mimi sitaki redio. Nimekata magauni ya watu hapa na sina pa kuyashonea. Cherehani ni ya mama yangu. Ikirudi, nitarudi. Nilimwambia hivyohivyo mwezi wa nne, na sikuficha maana nyingine ndani yake."

Simu ikakatika. Nilisema mtandao ulikuwa mbaya.

Nafasi amepewa mwalimu Castory. Grace alisema yeye peke yake ndiye aliyeitazama filamu yenyewe. Mwisho wa kipindi akamshukuru pia ndugu Muhsin Semboja. Kwa hiyo nimetajwa mwanzo na mwisho, kama nilivyotaka.

Mwalimu alinikuta nimekaa kwenye ngazi za nje. Nilidhani amekuja kucheka. Akakaa. Akaniambia niende nikaichukue tu ile cherehani, mambo mengine yana wakati wake. Nimeona aibu. Nasema wazi: nimeona aibu, na namtaka mke wangu. Faraji na mihogo yake nitashughulika naye siku nyingine. Kesho asubuhi, cherehani. Basi.

Jumapili, 22 Juni

Nimeamka mtu mpya.

Saa moja niko kwa mzee Obadia na projekta begani. Tumebadilishana kabla hajaenda ibadani. Hata hakunicheka, alinisaidia kuifunga cherehani kwenye bodaboda. Nikaipeleka nyumbani, nikaifuta vumbi, nikaitia mafuta. Inazunguka kama mpya. Kwenye droo yake bado kuna tepu ya kupimia ya Mwaija na vifungo viwili vya bluu. Nilivishika vifungo hivyo kwa muda. Nikampigia mzee Rehani, nikamwambia baba, leo adhuhuri nafika, na ninayo. Akasema atamwambia Mwaija aweke wali jikoni. Miezi miwili sijaitwa kula nyumba ile.

Saa tatu niko stendi, cherehani miguuni. Basi la Kabuku limechelewa. Saa tatu na nusu, halijaja. Nikatembea kulizunguka benchi. Kukaa bila kufanya kitu ni kazi ngumu sana kwa mtu mwenye akili.

Ndipo akatokea Habakuki. Namfahamu kwa sura, alikuwa akipiga muziki kwenye maharusi ya Segera. Anahamia Dodoma kwa shemeji yake, anapunguza mizigo. Alikuwa na boksi. Nikamuuliza ndani kuna nini, kwa kupitisha muda tu. Akafungua.

Maikrofoni. Mashine yake ya sauti. Waya zote.

Nikaona kila kitu kwa mara moja, wazi kabisa. Kosa langu halikuwa kuchambua. Kosa langu lilikuwa kumwachia Faraji maikrofoni! Anayetafsiri ndiye mwenye filamu, Korogwe nzima imeshuhudia, simu tatu hewani. Sehemu ya saba inatoka mwezi wa nane. Nitaitafsiri mimi. Kiingereza si tatizo, Faraji mwenyewe alikiacha darasa la sita. Mchawi Fundi atarudi kisimani, na safari hii atakuwa mtu mwenye hekima asiyeeleweka na mkewe. Mke atasikia, atalia, atarudi. Mwaija anasema hataki redio. Sawa! Hii siyo redio.

Habakuki ana dada yake Dodoma anayejifunza kushona. Hakutaka kitu kingine chochote, nilijaribu kumpa mswaki wa kusafishia simu na saa yangu. Tumeelewana haraka. Cherehani imepanda basi la Dodoma saa nne na robo, imefungwa vizuri juu, chini ya turubai. Nimebaki na tepu ya kupimia na vile vifungo. Nitampelekea Mwaija kama ishara.

Basi la Kabuku lilifika dakika tano baadaye. Sikupanda, nina kazi ya kuanza. Mzee Rehani amepiga mara nne. Nitampokea nikishakamilisha majaribio.

Mashine ni nzima kabisa. Kasoro yake ni ndogo tu: kila neno linatoka mara mbili. Mwaija atanisikia vizuri zaidi.